Diski ngumu, maji na vita dhidi ya kelele

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilizindua RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu. Diski hiyo ilitengenezwa San Jose, California, na kundi la wahandisi walioongozwa na Reynold Johnson. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, zilizozunguka mara 1,200 kwa dakika. Uzito wake ulipindukia tani moja, na ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Ngurumo na joto lake havikumkosesha mtu usingizi nyumbani, maana hakuna aliyekuwa nayo nyumbani.

Maji nayo yaliingia kwenye kompyuta kupitia mashine kubwa za ofisi na maabara. Katika miaka ya 1960, IBM ilitumia maji kupoza System/360 Model 91, mojawapo ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote za wakati wake. Mwaka 1980 ikatangaza 3081, ambayo chipu zake zilipozwa kwa maji baridi yaliyopita juu yake katika vifuniko maalumu. Sababu ilikuwa ya kifizikia: lita moja ya maji, ikipanda nyuzi moja, hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalobebwa na lita moja ya hewa. Katika miaka ya 1990, chipu za aina mpya zilizotumia umeme kidogo ziliwezesha mashine hizo kurudi kwenye feni, na mabomba mengi yakang'olewa.

Wakati huohuo diski ilikuwa imeshaingia majumbani. Seagate ilitoa mwaka 1980 diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5, na kuanzia hapo yakaanza mashindano ya kasi. Barracuda ya mwaka 1992 ilifikisha mizunguko 7,200 kwa dakika. Cheetah ikafuata mwaka 1996 na mizunguko 10,000, na kufikia mwaka 2000 kampuni hiyo ilikuwa imefika 15,000. Kila hatua ilikuwa na gharama yake. Sahani inapozunguka husuguana na hewa, mota hufanya kazi zaidi, na nguvu inayopotea hutoka kwa sura mbili: joto na mtetemo. Beringi hulia kwa sauti nyembamba isiyokoma, mkono unaobeba vichwa vya kusomea hugonga huku ukitafuta data, na bati la kasha huupokea mtetemo huo na kuukuza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walijitokeza watu waliotaka kompyuta ndogo isiyosikika kabisa, ikae sebuleni au chumbani kwa mwanamuziki. Mwaka 2001 VIA ilileta ubao wa Mini-ITX, wenye sentimita 17 kila upande, na prosesa zake za umeme mdogo ziliweza kupozwa bila feni kubwa. Feni ziliponyamaza, sauti iliyobaki ilikuwa ya diski.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuining'iniza diski kwa mipira ya kuvutika ili mtetemo usifike kwenye bati. Ya pili ilikuwa kuifungia ndani ya kisanduku chenye sponji. Lakini kizuizi cha sauti ni kizuizi cha joto pia: diski iliyofungiwa hivyo ilihifadhi joto lake kama wali kwenye hotpoti. Diski ya mezani hutumia wati zisizozidi 10 hivi, umeme mdogo sana kuliko wa prosesa, lakini wati hizo zisipopata njia ya kutoka huweza kuivusha diski nyuzi 55 au 60, kikomo ambacho watengenezaji wengi walikiweka.

Hapo ndipo maji yakawa na kazi ya maana. Vipande vya shaba au alumini vilivyochongwa mifereji ndani vilibanwa ubavuni mwa diski, pampu ndogo ikasukuma maji hadi kwenye rejeta pana iliyokaa nje ya kasha, na joto likatoka bila sauti kulifuata. Kuizamisha diski yenyewe hakukuwezekana. Diski za kawaida zina tundu dogo lenye kichujio la kusawazisha mgandamizo wa hewa, na kichwa cha kusomea huelea juu ya hewa hiyohiyo.

Mfumo huo ulikuwa na udhaifu wake. Pampu ilikuwa na mlio wake, mipira ya maji ilibana nafasi kwenye kasha dogo, na kubadilisha diski kulimaanisha kugusa bomba karibu na umeme. Kisha hitaji lenyewe likaanza kupungua. Barracuda ATA IV ya mwaka 2001 ilitumia beringi za mafuta badala ya vigololi, na ule mlio mwembamba ukafifia. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya diski zaidi ya 100,000: kuziweka kwenye baridi zaidi hakukuzirefushia maisha, na madhara ya joto yalionekana hasa lilipokuwa kali na kwa diski zilizozeeka. Mwaka 2008 Intel ikaleta X25-M, hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka.

Wale waliobana shaba kwenye diski zao walistahili heshima ambayo hawakupewa. Waliikataa dhana kwamba kelele ni kodi ya lazima ya kutumia kompyuta. Msimamo huo unahitajika tena leo, kwa sababu mashindano ya kasi yamerudi: hifadhi za chipu zenye kasi kubwa sasa huchemka kiasi kwamba baadhi huuzwa na vifeni vidogo juu yake, na vipoozeo vya maji vya kuzivalisha vipo sokoni. Mnunuzi anayeuliza kasi ya kifaa aulize pia joto lake na sauti yake, na mtengenezaji aandike majibu yote matatu kwenye boksi.