Nani Anachagua Faili? Historia fupi ya karani wa mtandao

Huku Chicago baridi bado haijaamua kuondoka. Wapwa zangu wawili wanaojifunza kutengeneza tovuti, mmoja yuko Tanga na mwingine Morogoro, wameniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: mtu akiandika anwani kwenye kompyuta yake, ile seva iliyo mbali inajuaje ni faili lipi la programu iliendeshe? Nimeona nijibu hapa kwa faida ya wote, maana jibu lenyewe ni historia ya zaidi ya miaka thelathini, na ndani yake mna somo ambalo watu wamelilipia ghali.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1990 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, aliandika seva ya kwanza ya mtandao huu tunaoutumia. Kazi kubwa ya seva za mwanzo ilikuwa kama ya karani wa masijala. Wale mliofanya kazi serikalini mnamjua vizuri. Unampa karatasi yenye namba ya faili, anakwenda kabatini, anakuletea. Halisomi, wala haongezi neno. Ukirudi kesho utaletewa lile lile.

Lakini watu walitaka zaidi ya hapo. Walitaka kutafuta jina kwenye orodha ya simu, au kujaza fomu na kupata jibu. Yaani walitaka ukurasa ambao haujaandikwa bado, utengenezwe pale pale mtu anapouliza.

Hapa ndipo historia inapokuja jirani na mimi. Ukitoka Chicago kwa gari kuelekea kusini, ukapita mashamba ya mahindi na soya kwa zaidi ya saa mbili, unafika miji pacha ya Urbana na Champaign, kilipo Chuo Kikuu cha Illinois. Katika kituo cha kompyuta cha chuo hicho, kinachoitwa NCSA, Marc Andreessen na Eric Bina walitengeneza kivinjari cha Mosaic mwaka 1993. Mwenzao Rob McCool aliandika seva iliyojulikana kama NCSA HTTPd. Mwaka huo huo, baada ya kujadiliana na waandishi wa seva nyingine, kituo hicho kikatoa utaratibu unaoitwa CGI.

CGI inafanya kazi hivi. Kwenye seva inatengwa folda moja, kwa kawaida jina lake cgi-bin. Anwani ikielekea folda nyingine, karani analeta faili kama zamani. Ikielekea cgi-bin, karani haleti faili, bali analiendesha. Ni kama anamwita kibarua na kumkabidhi maneno ya mgeni, yaani yale yanayofuata alama ya kuuliza kwenye anwani na yale yaliyojazwa kwenye fomu. Kibarua anatengeneza ukurasa, karani anampelekea mgeni, kisha kibarua anaachishwa kazi. Akija mgeni mwingine, anaitwa kibarua mpya. Programu nyingi za siku zile ziliandikwa kwa Perl, lugha ambayo Larry Wall aliitoa mwaka 1987.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba kibarua anaweza kuandikwa kwa lugha yoyote. Ubaya wake ni gharama. Wageni mia wakija kwa mpigo, seva inaanzisha programu mia, na kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu. Mwaka 1996 zikatokea dawa mbili. Kampuni ya Open Market ilileta FastCGI, ambapo vibarua wanaajiriwa moja kwa moja na kukaa wakisubiri wageni. Dawa ya pili ilikuwa kumfundisha karani mwenyewe ile kazi. Seva ya Apache, iliyozaliwa mwaka 1995 kutokana na viraka vya watu waliokuwa wakiirekebisha ile seva ya NCSA, ikawekewa Perl ndani yake.

Aliyebadilisha mambo kwa watu wa kawaida kama sisi ni Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland. Juni 1995 alitoa hadharani zana alizokuwa amejitengenezea kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, akaziita PHP. Mwaka 1998 likatoka toleo la 3, lililoandikwa upya pamoja na Andi Gutmans na Zeev Suraski. Katika PHP programu inachanganywa humo humo ndani ya ukurasa. Unaweka faili kwenye folda, na jina la faili linakuwa sehemu ya anwani. Kijana asiye na mtaji aliweza kuianza siku hiyo hiyo. Hata Wikipedia ilipita njia hii. Ilianza Januari 2001 ikiwa programu ya Perl, na Januari 2002 ikahamia kwenye programu ya PHP iliyoandikwa na Magnus Manske. Wikipedia ya Kiswahili ilipoanza mwaka 2003, ilikuta njia imeshasafishwa.

Sasa wapwa, hapa ndipo nataka mnisikilize.

Mtu mwenye tovuti ya kurasa ishirini hapendi kuandika menyu ile ile mara ishirini. Anatengeneza faili moja tu, index.php, lenye kichwa na menyu. Katikati anaiambia programu: soma jina lililo kwenye anwani, kisha pakia faili lenye jina hilo hapa. Anwani inakuwa index.php?page=historia.php. Ni mistari michache na kazi imekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafunzo mengi ya mtandaoni yalifundisha hivyo hivyo, na wanafunzi wengi wakaiga.

Tazameni kilichofanyika. Aliyechagua faili la kuendeshwa ni nani? Ni mgeni! Ni sawa na karani wa masijala kumwambia mtu wa barabarani, "Pita ndani, fungua kabati lolote." Mgeni mwema ataandika historia.php. Mgeni mbaya ataandika nukta mbili na mkwaju, mara kadhaa, apande juu kutoka folda hadi folda mpaka afike kwenye mafaili ya siri ya seva. Mbaya zaidi, PHP ya wakati ule iliweza kupakia faili kutoka kompyuta nyingine kabisa. Mwizi alikuwa anaandika programu yake, anaiweka kwake, kisha anaweka anwani yake mahali pa jina la ukurasa. Seva yako inaivuta na kuitekeleza kama yako.

Tovuti ya chama kimoja cha Waafrika Mashariki huku ughaibuni, ambacho sitakitaja, iliingiliwa kwa njia hiyo hiyo mwaka 2007. Ilikuwa na picha za harusi, matangazo ya misiba na orodha ya michango ya kusafirisha maiti nyumbani. Asubuhi moja vyote vikawa vimefutwa, na nakala hakuna. Wazee walihangaika wiki nzima kukumbuka nani alichanga kiasi gani.

Na si kwamba onyo halikuwepo. Machi 1996 kikosi cha usalama wa kompyuta cha CERT kilitahadharisha kuhusu phf, programu ndogo ya kutafuta majina kwenye orodha ya simu iliyogawiwa pamoja na seva kama mfano tu. Iliyachuja maneno ya mgeni, ila ikasahau alama moja, ile ya kuanza mstari mpya. Kwa alama hiyo moja, mgeni aliweza kuiamuru seva atakavyo.

Waandishi wa PHP wakaanza kuziba nyufa. Hadi Aprili 2002, jina lolote ambalo mgeni aliliandika kwenye anwani liliweza kuwa thamani ndani ya programu bila programu kuliomba. Toleo la 4.2 likaizima tabia hiyo, na toleo la 5.4 la mwaka 2012 likaifuta kabisa. Novemba 2006, toleo la 5.2 likafunga mlango wa kupakia programu kutoka kompyuta za mbali, isipokuwa mwenye seva aufungue mwenyewe.

Wakati huo huo fikra nyingine ilikuwa ikikua. WordPress ya mwaka 2003 ina dirisha moja la kupokelea wageni, na anwani inasomwa kama haja ya mgeni, haichukuliwi kuwa jina la faili. Ruby on Rails ya mwaka 2004 na Django ya mwaka 2005 ziliifanya iwe kanuni. Mwenye tovuti anaandika orodha: anwani hii inahudumiwa na sehemu hii ya programu, ile na ile. Kisichokuwa kwenye orodha kinajibiwa kwamba hakipo. Mgeni anasema shida yake, na mwenye nyumba ndiye anayejua kabati.

Msidhani basi kwamba mambo yaliishia hapo. Septemba 2014 dunia ilishtushwa na kasoro iliyopewa jina la Shellshock. Ilikuwa ndani ya Bash, programu ya kupokea amri iliyomo kwenye seva nyingi, na ilikuwa imelala humo tangu mwaka 1989. CGI, ile ile ya Illinois, humkabidhi kibarua maneno ya mgeni kabla kazi haijaanza. Pale Bash ilipohusika, maneno hayo yaliweza kugeuka amri. Njia iliyotengenezwa mwaka 1993 ikawa mlango wa wezi miaka 21 baadaye, kwenye seva ambazo wenyewe walishasahau kwamba zina folda ya cgi-bin.

Kwa hiyo wapwa, jibu la swali lenu ni hili. Seva inajua faili la kuendesha kwa sababu kuna mtu aliyeiambia. Hakikisheni mtu huyo ni ninyi. Andikeni orodha ya kurasa zenu kwa mkono. Neno la mgeni lilinganishwe na orodha hiyo, lisigeuzwe kamwe kuwa jina la faili. Folda ya kupokelea picha za watu isiruhusiwe kuendesha programu. Na nakala ya kila kitu ikae mahali pengine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wazee wa kile chama wanaujua uzito wa ukuta huo.

Nimeambiwa mmoja wenu ameombwa kutengeneza tovuti ya SACCOS ya mtaani. Hongera sana! Zile ni akiba za akina mama wauza samaki. Nitumie kwanza kazi yako niitazame kabla hujaifungua kwa watu.

Salamu kwa wote, na shangazi mwambieni nitapiga simu Jumapili.