Nyanya za uani: Msimu mfupi wa Shinyanga na Geita

KATIKA mikoa ya Shinyanga na Geita, bei ya nyanya sokoni hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Masika yanapokolea, nyanya nyingi huozea shambani na fungu moja huuzwa ghali. Miezi michache baadaye matenga hujaa sokoni hadi wauzaji wakakosa wateja. Familia yenye eneo dogo la uani na ndoo mbili za maji kwa siku inaweza kujiepusha na mabadiliko hayo, mradi itambue kwamba muda unaoifaa nyanya katika ukanda huu ni mfupi.

Nyanya hustawi vema zaidi katika joto la nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi. Joto la mchana linapozidi nyuzi 32, na usiku ukabaki na fukuto, maua hupukutika bila kufunga tunda. Hiyo ndiyo sababu mche ulionawiri mwezi Oktoba unaweza kumaliza wiki kadhaa ukiwa na majani mabichi na maua tele pasipo tunda hata moja, na mwenye bustani akadhani ameuziwa mbegu mbovu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huleta tatizo la pili, nalo ni magonjwa ya ukungu. Kipindi kinachobaki ni kile cha mwisho wa mvua na kipupwe cha Juni, Julai na Agosti, ambapo usiku huwa wa baridi na hewa huwa kavu.

Kwa hiyo mbegu hazina budi kusiwa kitaluni mwishoni mwa Machi au mwezi Aprili. Miche huhamishwa baada ya wiki nne hivi, ikiwa na majani manne hadi sita, na hupandikizwa jioni. Kutoka hapo nyanya za kwanza huanza kuiva baada ya siku 60 hadi 90 kulingana na aina. Anayechelewa kusia mbegu hadi Juni huvuna Septemba na Oktoba, joto likiwa limerudi na kisima cha jirani kikiwa kimeanza kukauka.

Kuhusu aina, Tanya na Tengeru 97 zilizotolewa mwaka 1997 kutokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, mkoani Arusha, zinaufaa uwa wa kawaida kwa kuwa ganda lake ni gumu na tunda lake hukaa siku nyingi. Cal J ni fupi na haihitaji miti mirefu. Moneymaker hurefuka, hivyo hutaka kusimikiwa miti na kuondolewa machipukizi ya kwapani.

Wasukuma wana majina yao ya udongo, na majina hayo yana mafunzo kwa mtunza bustani. Luseni, udongo wa kichanga ulio juu ya miinuko, hupitisha maji upesi na huhitaji samadi nyingi. Mbuga, udongo mweusi wa mabondeni, hushika maji lakini hupasuka ukikauka na kukata mizizi. Katika mkoa wenye ng'ombe wengi kama Shinyanga, samadi iliyooza vizuri haikosekani. Viganja vitatu au vinne katika kila shimo vinatosha, mashimo yakiachana sentimeta 50 hadi 60. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Wakati wa kiangazi tuta lifaalo ni la kuzama, yaani lililochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasitoroke, kisha likafunikwa kwa matandazo ya nyasi kavu au maganda ya karanga. Mche mmoja uliokomaa huhitaji lita moja hadi mbili kwa siku, hivyo miche 20 humaliza ndoo moja au mbili za lita 20. Maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, mradi uliozinduliwa mwaka 2009, yamewarahisishia kazi hiyo wakazi wengi wa miji ya Shinyanga na Kahama. Muhimu zaidi ni kumwagilia kwa mpangilio. Tunda linaloota doa jeusi chini, kwenye kitako, mara nyingi halina ugonjwa wa kuambukiza. Mmea umeachwa ukauke kisha ukafurikishwa maji, ukashindwa kusafirisha chokaa hadi kwenye tunda.

Kwa wakazi wa maeneo ya machimbo kuna tahadhari kubwa zaidi. Mchanga laini unaobaki kwenye mialo na makarasha, ambao wachimbaji wadogo huuita marudio, huonekana mzuri kwa kulainisha udongo mzito, na wapo wanaoubeba hadi nyumbani. Mchanga huo huwa na zebaki. Rwamagasa, wilayani Geita, ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zebaki haiozi wala haimalizwi na jua. Tunda la nyanya huvuta kidogo kuliko mizizi na mboga za majani, lakini vumbi hushikamana na ganda lake, na watoto huchezea udongo huohuo. Bustani isiwekwe karibu na mahali dhahabu inapochomwa, wala isimwagiliwe maji ya mabwawa ya kuoshea mchanga. Asiye na uhakika na ardhi yake apande kwenye ndoo au viroba vilivyojazwa udongo wa kutoka mbali na machimbo.

Miongoni mwa wadudu, adui mkuu ni kanitangaze, kiwavi wa nondo aliyeingia nchini mwaka 2014. Hutoboa majani na matunda, naye amezoea sumu nyingi. Uani, kazi ya mkono inashinda bomba la dawa: majani na matunda yaliyotobolewa yachumwe kila siku na kufukiwa kwenye shimo refu. Mche unaonyauka ghafla ukiwa bado mbichi ukatwe shina na kipande kitumbukizwe katika glasi ya maji safi. Uzi mweupe ukitiririka kutoka kwenye kipande hicho, huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa. Mche ung'olewe, na mahali hapo pasipandwe nyanya, bilinganya, pilipili wala tumbaku kwa miaka kadhaa.

Uvunaji hauhitaji kusubiri tunda liwe jekundu lote. Likianza kubadilika rangi kitakoni linaweza kuchumwa pamoja na kikonyo, likaivia ndani, kivulini, bila kupoteza ladha na bila kuliwa na ndege. Nyanya zisizoiva zisiwekwe kwenye jokofu, kwani chini ya nyuzi 12 hupoteza uwezo wa kuiva. Zikizidi, zikatwe vipande vyembamba, zinyunyiziwe chumvi na kuanikwa juu ya kichanja chini ya chandarua. Wanaoanika michembe na nsansa kila mwaka hawana ugeni na kazi hiyo, na jua la Julai hukausha nyanya kwa siku tatu hadi tano.