Shule za upili za mijini zinazofungamanishwa na kazi: Safari ya Marekani tangu 1969

MNAMO mwaka wa 1969, Shule ya Upili ya Thomas Edison jijini Philadelphia, Marekani, ilifungua mkondo mdogo wa masomo ya umeme kwa ushirikiano na kampuni ya umeme ya jiji hilo, Philadelphia Electric. Edison ilikuwa shule ya umma ya wavulana katika mitaa ya kaskazini, ambako viwanda vilikuwa vikifungwa na kazi zikitoweka. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa Waamerika weusi na watu wenye asili ya Puerto Rico, na wengi waliacha masomo kabla ya kuhitimu. Waliokosa kazi walisubiriwa na jeshi. Zaidi ya vijana 50 waliowahi kusoma Edison waliuawa katika vita vya Vietnam, idadi ambayo haikufikiwa na shule nyingine yoyote ya upili nchini humo.

Mkondo huo wa umeme ndio chimbuko la kile kinachojulikana leo kama akademia za taaluma. Neno hilo lisimpotoshe msomaji wa Kenya, ambako akademia kwa kawaida ni shule ya kibinafsi inayotoza karo. Kwa Wamarekani, akademia ya taaluma ni shule ndogo iliyomo ndani ya shule kubwa ya umma. Hukusanya wanafunzi wapatao 150 hadi 200 ambao husoma pamoja kwa miaka mitatu au minne, wakifundishwa na walimu wale wale, chini ya fani moja kama vile afya, fedha, uhandisi au utalii.

Wazo hilo lilisafiri haraka. Mwaka wa 1981 lilifika California, kusini mwa San Francisco, likiwa na mkondo wa kompyuta na mwingine wa elektroniki. Mwaka uliofuata, New York ilianzisha akademia ya fedha katika mtaa wa Brooklyn kwa msaada wa mabwanyenye wa Wall Street, waliohitaji makarani na wahasibu kutoka katika jiji lao wenyewe.

Ubaguzi uliojificha katika karakana

Ili kuelewa kwa nini wazazi wengi weusi waliutazama mpango huu kwa jicho la shaka, ni sharti kurejea mwaka wa 1917. Mwaka huo bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Smith-Hughes, iliyotoa fedha za serikali kuu kwa mafunzo ya kilimo, ufundi na sayansi ya nyumbani katika shule za upili. Sheria hiyo ilitenga mafunzo ya kazi na masomo ya kawaida: bodi zake mbali, walimu wake mbali, fedha zake mbali. Haikuchukua muda kabla ya utengano huo kuwa mlango wa ubaguzi. Mtoto wa daktari alielekezwa kwenye Kilatini na hisabati. Mtoto wa mhamiaji au wa mtu mweusi akaelekezwa kwenye randa na nyundo, mara nyingi kwa uamuzi wa mshauri wa shule aliyemtazama sura kuliko alama.

Mwaka wa 1985 mtafiti Jeannie Oakes alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi mgawanyo huo ulivyoendelea kuwanyima watoto maskini na wa jamii za walio wachache masomo yenye uzito. Miaka miwili awali, ripoti mashuhuri ya serikali iliyoitwa A Nation at Risk ilikuwa imeyasukuma majimbo kuongeza masomo ya kitaaluma kwa kila mwanafunzi. Katika miaka iliyofuata, karakana nyingi zilipoteza wanafunzi.

Akademia zilijaribu kupita katikati. Kanuni yake ni kwamba mwanafunzi asichague kati ya kazi na chuo kikuu. Yule wa akademia ya afya anasoma biolojia, kemia na hisabati zinazohitajika kuingia chuoni. Tofauti ni kwamba katika hisabati anakokotoa vipimo vya dawa, na katika Kiingereza anaandika ripoti ya mgonjwa. Kanuni hiyo ni rahisi kuandikwa kuliko kutekelezwa.

Ratiba ndiyo vita vyenyewe

Wageni wanaozuru shule hizi huonyeshwa maabara, mashine na vijana waliovaa makoti meupe. Ni nadra waonyeshwe ratiba, ilhali hapo ndipo mpango husimama au huanguka.

Chukua shule yenye wanafunzi 1,500. Ili akademia iwe akademia, wanafunzi wa kundi moja lazima wawe pamoja katika masomo kadhaa ya siku, na walimu wao wanne au watano lazima wawe na kipindi kimoja cha pamoja wasichofundisha, waketi wapange masomo na wazungumzie nani ameanza kukosa shule. Sasa mwanafunzi mmoja ameanguka mtihani wa aljebra na anahitaji kuurudia. Mwingine anataka muziki, unaofundishwa saa moja tu kwa siku. Wa tatu ni mgeni asiyejua Kiingereza. Kila mmoja akiondolewa kwenye kundi kwa sababu ya haki kabisa, baada ya mwaka mmoja kundi hubaki jina tu. Mwalimu mkuu asiye tayari kuijenga ratiba upya kila mwaka ni heri asianze.

Sehemu ya pili ni waajiri. Mpango uliokamilika huenda kwa ngazi: mwaka wa kwanza wanafunzi hutembelea mahali pa kazi, mwaka unaofuata kila mmoja humfuata mfanyakazi mmoja siku nzima akitazama, mwishoni hufanya kazi halisi kwa wiki kadhaa, mara nyingi kwa malipo. Lazima awepo mtu shuleni ambaye kazi yake ni kupiga simu, kuandika barua, kushughulikia bima na usafiri, na kumtuliza meneja ambaye kijana wake alichelewa. Kampuni hutoa hundi kwa urahisi kuliko saa za wafanyakazi wake, na ni saa hizo ambazo mwanafunzi anazihitaji. Uchumi unapodorora, nafasi hizi huwa miongoni mwa zile zinazokatwa mapema.

Kura iliyowatenganisha vijana 1,700

Mengi husemwa kuhusu miradi ya elimu bila ushahidi. Akademia za taaluma zina bahati ya kuwa na utafiti imara. Kuanzia mwaka wa 1993, shirika la utafiti la MDRC lilifuatilia vijana zaidi ya 1,700 katika shule tisa, nyingi za mijini. Kwa kuwa walioomba nafasi walizidi nafasi zilizokuwepo, kura ilipigwa: wengine wakaingia, wengine wakabaki katika masomo ya kawaida ya shule hizo hizo. Zaidi ya asilimia 80 walikuwa weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Makundi yote mawili yalifuatiliwa hadi miaka minane baada ya wakati wa kuhitimu, na ripoti ya mwisho ilitolewa mwaka wa 2008.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Waliopata nafasi kwa kura walichuma wastani wa dola 2,088 zaidi kwa mwaka, yaani asilimia 11, kuliko waliokosa. Kwa wavulana nyongeza ilikuwa asilimia 17, takriban dola 3,700 kila mwaka. Aidha, walioingia akademia walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuishi na mwenzi na watoto katika nyumba yao wenyewe. Hesabu hiyo inajumuisha kila aliyeshinda kura, ingawa takriban nusu tu ndio waliobaki katika akademia hadi mwaka wa mwisho.

Lakini utafiti huo huo ulitoa habari nyingine ambazo watetezi wa mpango hupenda kuzipitia haraka. Idadi ya waliohitimu shule ya upili haikuwa tofauti kati ya makundi hayo mawili. Idadi ya waliopata vyeti vya elimu ya juu pia haikutofautiana. Na kwa wasichana, mapato hayakuongezeka kwa kiwango cha kutiliwa maanani. Yaani akademia zilimsaidia kijana wa kiume wa mjini kupata kazi bora na saa zaidi za kazi, bila kumzuia kwenda chuo na bila kumsukuma kwenda. Hofu ya kwamba zingewafungia maskini mlango wa chuo kikuu haikuthibitishwa. Ahadi ya kwamba zingewafungulia haikuthibitishwa pia.

Kutoka darasa moja hadi jiji zima

Katika miaka ya 2000, miji kadhaa iliacha kuongeza mikondo michache na kuamua kusanifu upya shule zake zote za upili. Nashville, Tennessee, ilianza kazi hiyo kuanzia mwaka wa 2006. Shule zake 12 za kawaida ziligawanywa: mwaka wa kwanza wanafunzi wote huingia akademia ya wageni inayowazoesha na kuwatembeza katika fani mbalimbali, kisha huchagua. Katika Shule ya Upili ya McGavock, iliyo miongoni mwa kubwa zaidi jijini, wanafunzi huendesha tawi la chama cha akiba na mikopo ndani ya shule. Rais Barack Obama alihutubia hapo Januari 2014.

Jijini New York njia ilikuwa tofauti. Mwaka wa 2011 shule iitwayo P-TECH ilifunguliwa Brooklyn kwa ushirikiano wa jiji, chuo kikuu cha umma cha CUNY na kampuni ya IBM. Mwanafunzi husoma hadi miaka sita na kutoka na cheti cha shule ya upili pamoja na shahada ya awali ya miaka miwili, bila kulipa. Wanafunzi hawakuchujwa kwa mtihani. IBM iliahidi kwamba wahitimu wangekuwa mstari wa mbele katika kuhojiwa kwa nafasi za kazi, haikuahidi kazi.

Oakland, California, ilikabili swali la fedha waziwazi. Mnamo Novemba 2014 wapiga kura walikubali kila kiwanja kitozwe dola 120 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 10, ili kugharimia mpango huu katika shule za upili. Mwaka wa 2022 waliidhinisha kodi hiyo iendelee.

Kenya na karakana zake

Msomaji wa Kenya aliyesoma chini ya 8-4-4 hahitaji kuelezwa hatari ya mafunzo ya kazi yasiyo na kazi. Mfumo huo, uliozaliwa na ripoti ya tume ya Mackay ya 1981 na kuanza 1985, ulikusudia kumtoa mwanafunzi na ujuzi wa kujitegemea. Wazazi walichanga kwa harambee kujenga karakana za useremala na vyumba vya sayansi ya nyumbani. Katika shule nyingi vifaa havikufika, na somo la mikono likafundishwa kwa chaki na ubao. Mtaala ulipopunguzwa mapema miaka ya 2000, karakana kadhaa ziligeuka mabohari na madarasa ya kawaida.

Mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule ya upili ya juu likiwa na mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mikondo hiyo inafanana na akademia kwa jina la fani na kwa uhuru wa kuchagua. Haina bado kile kilichowekwa Philadelphia tangu siku ya kwanza, yaani mwajiri anayetajwa kwa jina na aliyetia saini. Jijini Nairobi zipo shule za kutwa ambazo mwanafunzi wake anaweza kutembea kwa miguu hadi Eneo la Viwanda, na katika Mombasa zipo ambazo winchi za bandari huonekana kutoka mbali. Mafunzo ya huduma kwa jamii yamefanywa kuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa ngazi hiyo, lakini hayamlazimu mwenye kiwanda kufungua lango.