Rangi za Rezistansi

Mkifungua redio ya zamani mtaona ndani yake vijiti vidogo vya rangi nyingi, kila kimoja kimefungwa kwa nyaya mbili. Mafundi huviita rezistansi. Kazi yake ni kupunguza umeme unaopita, na kipimo chake huitwa om, kwa jina la Georg Ohm, Mjerumani aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1827. Wengi hudhani rangi hizo ni pambo. Sivyo, ni tarakimu.

Mtu atauliza: mbona hawakuandika tarakimu zenyewe? Kwa sababu kitu ni kidogo mno, maandishi hufutika, na yakigeukia chini hayasomeki.

Katika miaka ya 1920 viwanda vya redio viliongezeka upesi huko Marekani. Mwaka 1924 wenye viwanda waliunda chama chao mjini Chicago, na chama hicho ndicho kilichoeneza desturi ya rangi. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, rangi ya machungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Tazameni vema: toka nyekundu mpaka zambarau ni upinde wa mvua, kwa taratibu yake. Giza limewekwa mwanzo, weupe mwisho. Sisi twaona waliotunga mpango huu walikuwa na akili ya mwalimu.

Katika redio za miaka ya 1930 mwili mzima ulipakwa rangi ya tarakimu ya kwanza, ncha moja rangi ya pili, na nukta ya katikati ilionyesha idadi ya sifuri. Mwili manjano, ncha zambarau, nukta nyekundu: 4, 7, na sifuri mbili, yaani om 4,700. Je, iliyo nyekundu tupu? Asiyejua husema rangi nyingine zimebanduka. Kumbe ni 2, 2 na sifuri mbili, om 2,200! Tena nukta ikigeukia chini, shida ni ile ile ya maandishi.

Ndiyo sababu baadaye walipaka pete za kuzunguka, zionekanazo pande zote. Pete ya nne huonyesha kipimo chaweza kukosea kiasi gani: dhahabu 5 kwa mia, fedha 10, isipokuwapo, 20. Mwaka 1952 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliufanya mpango huo kuwa kanuni ya mataifa.

Hata hivyo pete nazo hudanganya. Ukizisoma zile zile kinyume, nyekundu, zambarau, manjano, utapata 270,000. Na joto likiiunguza nyekundu ikafanana na kahawia, fundi ataweka 470 mahali pa 4,700. Hapo umeme waweza kupita mara kumi, na taa ya redio ikaungua, na mwenye redio akalipa mara mbili. Wanaoumia zaidi ni wale ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani, hata wawe mafundi hodari namna gani. Hao hupima kila moja kwa mashine.

Siku hizi rezistansi nyingi ni vipande vidogo kuliko punje ya mchele, havina pete. Juu ya kimoja mtakuta 472. Someni kama zamani: 4, 7, na sifuri mbili.