Usukani

Juma lililopita, katika gereji ya mtaani kwetu, nilisimama nikimtazama fundi akiutoa usukani mkongwe wa gari, usiokuwa na kazi ila kugeuza magurudumu na kupiga honi, ili atie mpya wenye vitufe vya redio na simu. Na kila alipoutaja aliuita "stelingi", ilhali neno letu lipo, tena lina nasaba. Asili yake ni "sukkan" ya Kiarabu, yaani ule ubao wa upande wa tezi uongozao chombo baharini, na hata leo watu wa Oman na Ghuba huliita vivyo hivyo gurudumu la dereva. Mabaharia wetu wanayo pia kana, mti ushikwao ili kuugeuza usukani. Kwa hakika, basi, kile ashikacho dereva ni jamaa ya kana zaidi, lakini lugha imekwisha kuhukumu, nami naridhia.

Fundi aliondoa waya wa betri, akangoja kitambo kabla ya kuugusa mfuko wa hewa, akatia alama ya chaki ili usukani mpya usije ukakaa upande, na ule utepe wa nyaya uliojiviringa nyuma yake, upelekao umeme kwenye vitufe, akaubana usizunguke ukakatika. Utepe huo nawasihi mafundi wauite kamani, kama ile ya saa, maana umbo lao ni moja.