Aseniki kwenye maji ya kisima: taka zinazoweza kuinasa, na masharti yake

Maji ya kisima yanaweza kung'aa, yakawa matamu na yasiwe na harufu yoyote, kumbe yana sumu. Sumu hiyo ni aseniki, ambayo asili yake ni mawe na udongo katika sehemu nyingi za dunia. Haionekani wala haionjeki. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, yaliyobaki huwa na sumu nzito zaidi. Dawa ya klorini inaua vijidudu lakini aseniki inaiacha pale pale.

Anayeyanywa haanguki siku hiyo. Miaka hupita, kisha ngozi hutoka madoa, viganja na nyayo hukakamaa na kuota vinundu, na hatari ya saratani ya ngozi, mapafu na kibofu huongezeka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji. Mikrogramu ni sehemu moja katika sehemu milioni za gramu.

Yaliyowapata watu wa Bangladesh

Kuanzia miaka ya 1970, serikali ya Bangladesh na UNICEF walihimiza visima vya pampu ya mkono ili watu waache maji ya madimbwi na mito, yaliyokuwa yakileta kipindupindu na kuhara. Nia ilikuwa njema na watoto wengi walinusurika. Lakini aseniki haikupimwa. Mwaka 1993 iligunduliwa katika visima vya Chapai Nawabganj, na ikaja kukadiriwa kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa hatarini.

Visima karibu milioni 5 vilipimwa. Kilicho salama kilipakwa rangi ya kijani, chenye sumu kikapakwa nyekundu. Familia ambayo kisima chake kilipakwa nyekundu ilibaki na swali moja: sasa tukateke wapi?

Taka zinaingia vipi?

Jibu mojawapo lilitoka kwa Abul Hussam, mkemia mzaliwa wa Kushtia, Bangladesh, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani. Akishirikiana na nduguye ambaye ni daktari, alitengeneza kichujio kiitwacho SONO. Ndoo ya juu ina mchanga na chuma kilichotayarishwa kutokana na michongo ya chuma, yale mabaki yanayoanguka chini ya mashine za karakana. Ndoo inayofuata ina mchanga, makaa ya kuni na vipande vya matofali. Hakihitaji umeme. Mwaka 2007 kilipata Tuzo ya Grainger ya dola milioni 1 kutoka Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani, na sehemu kubwa ya pesa hizo Hussam alizielekeza kwenye kusambaza vichujio.

Kinachofanya kazi humo ni kutu. Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu, na aseniki hujigandisha kwenye kutu hiyo.

Ukishaelewa hilo, utaelewa kwa nini taka nyingine lazima zitengenezwe kwanza. Makaa ya vifuu vya nazi huondoa rangi na harufu, lakini yakiwa peke yake hunasa aseniki kidogo. Yakilowekwa kwenye maji yenye chumvi ya chuma kisha yakaandaliwa ili chuma kigande, hupata utando wa kutu na uwezo wake huongezeka. Kumvi za mpunga na vipande vya matofali hufanyiwa vivyo hivyo. Nchini Uholanzi, mchanga uliokwisha kutumika kuchuja chuma katika mitambo ya maji huwa tayari una ganda la kutu, na umetumiwa tena kunasa aseniki. Tope jekundu la viwanda vya alumini nalo lina kutu nyingi, lakini ni kali mno na hubidi lioshwe na kupunguzwa ukali kwanza.

Masharti ya kujua

Kwanza, maji hayafanani. Aseniki ina sura mbili, na ile inayopatikana kwenye visima visivyo na hewa chini ni ngumu kunaswa mpaka ibadilishwe. Vilevile fosfeti na silika zilizomo majini hugombania nafasi ile ile kwenye kutu. Kichujio kilichofaa kijiji hiki huenda kisifae kijiji jirani.

Pili, kichujio hushiba. Kutu ikijaa, aseniki hupita, na maji yatabaki na ladha ile ile. Kwa hiyo kuyapima mara moja tu hakutoshi. Yapimwe kabla ya kutumia kichujio, baada yake, na tena kila baada ya muda.

Tatu, uchafu uliotumika usitupwe ovyo. Kutu hushikilia aseniki vizuri ikiwa penye hewa. Ukiitupa chooni au kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huiyeyusha na sumu hutoka tena. Hivyo hasa ndivyo visima vya Bangladesh vilivyopata sumu: mito ilileta mchanga wenye kutu na aseniki kutoka milimani, ukafukiwa na tope, hewa ikaisha, aseniki ikaachiliwa.

Nne, si kila chuma kinafaa. Misumari iliyopakwa zinki haishiki kutu upesi, na vyuma chakavu vyenye rangi au grisi vinaweza kuongeza sumu nyingine.

Na sisi Pwani?

Malalamiko ya visima vyetu ni chumvi na maji ya vyoo kuingia. Hizo si dalili za aseniki, na hakuna haja ya kutiana hofu. Lakini suala hili haliko mbali sana: kwa jirani zetu Tanzania, watafiti wameikuta aseniki katika maji ya maeneo ya dhahabu karibu na Ziwa Victoria.

Anayechimba kisima kipya, cha nyumbani, cha msikiti au cha shule, akipeleka maji maabara aulize wazi kama aseniki imo katika orodha ya vipimo. Kipimo cha vijidudu na chumvi hakiionyeshi.

Ikipatikana, kutafuta maji mengine ni bora kuliko kuanza kuchuja. Wazee wa Lamu walijenga jabia za kukingia mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo kwa kawaida hayana aseniki, ila jabia isafishwe na maji yatiwe dawa au yachemshwe. Kichujio kiwe cha pale ambapo maji mengine hayapatikani, na pawe na mtu maalumu wa kukipima na kukibadilisha.