Sura na Herufi: Maisha ya Tippu Tip kutoka Hati ya Kiarabu hadi PDF

1. Utangulizi

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji haikupitisha pembe za ndovu na nguo pekee. Ilipitisha pia maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Makala hii inafuatilia matini moja inayotokana na njia hiyo, yaani maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, ili kubainisha kuwa kila badiliko la umbo la matini huhifadhi jambo moja na kuhatarisha jingine.

2. Kutoka kalamu hadi chapa

Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi Ituru karibu na Tabora, na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tippu Tip mwenyewe aliandika habari zake kwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Heinrich Brode akazinukuu kwa hati ya Kirumi na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Toleo la W. H. Whiteley la 1958–1959 lilitegemea unukuzi huo.

Unukuzi ni ufasiri. Katika uandishi wa zamani, herufi be (ب) iliweza kusimamia sauti b, p au mb. Hivyo baba, papa, pamba na bamba yaliweza kuandikwa kwa namna moja, na muktadha ndio uliomwongoza msomaji. Mnukuzi alilazimika kuchagua, na uteuzi wake ukishachapwa hauonekani tena. C. G. Büttner alikuwa amefuata njia nyingine: kitabu chake Suaheli-Schriftstücke (1892) kiliambatisha nakala-picha za maandishi ya Kiarabu pamoja na unukuzi, hata msomaji akaweza kuupima.

3. Fonti ndani ya faili

PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993, hupachika fonti ndani ya faili ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine. Hata hivyo, kinachohifadhiwa kwanza ni maumbo na mahali pake. Pasipo jedwali linalounganisha kila umbo na namba yake ya Unicode, neno linalosomeka kwa jicho huweza kunakiliwa likiwa alama zisizo na maana, wala lisipatikane kwa kutafutwa. Katika hati ya Kiarabu tatizo huzidi, kwa kuwa herufi moja hubadilika umbo kulingana na mahali pake katika neno. Aidha, mara nyingi hupachikwa maumbo yaliyotumika tu. Mhariri anayetaka kusahihisha be kuwa pe (پ) isiyokuwamo hukosa umbo la kuiandikia.

Kiwango cha uhifadhi PDF/A-1 cha mwaka 2005 kinadai fonti zipachikwe. Ngazi yake ya b inadhamini sura pekee. Ngazi ya a inadai pia uhusiano na Unicode.

4. Hitimisho

Faili lenye sura bila herufi linarudia nakala-picha bila unukuzi. Lenye unukuzi pekee linarudia chapa ya 1902. Mhariri wa miswada ya Kiswahili anapaswa kuhifadhi vitatu pamoja: picha ya mswada, matini ya hati ya Kiarabu katika Unicode, na unukuzi. Hapo mtafiti wa Tabora au Choma ataweza kuuhoji uteuzi wa mnukuzi badala ya kuurithi.